Naomba ushauri: kiko kipi kwa tumbaku ipi?

Wakuu, habari za jioni. Marehemu babu kaniachia viko vitatu na nimekwama. Kimoja ni cha mzizi wa brayari. Cha pili ni cheupe, cha lile jiwe laini linalochimbwa Eskişehir, Uturuki. Shingoni kimeshageuka rangi ya asali. Cha tatu ni cha gunzi la mahindi, hicho najaribia tumbaku mpya tu.

Tumbaku ninazo mbili: Virginia niliyopewa na mjomba anayelima Urambo, na Latakia, ile inayokaushwa kwa moshi wa kuni.

Kosa nililofanya ni kuvuta Latakia kwenye brayari wiki mbili mfululizo. Sasa nikitia Virginia humo, ule utamu wake kama wa nyasi kavu siupati kabisa, ni harufu ya banda la kukaushia samaki. Nimefuta tundu kwa kitambaa, nimekipumzisha siku kumi, bado.

Je, brayari niiachie Latakia moja kwa moja, Virginia ihamie kwenye cha jiwe, maana jiwe halishiki sana ladha? Na Virginia inaniunguza ulimi: tatizo ni upana wa tundu, au navuta kwa pupa?

Kuna aliyenishauri nijaze tundu chumvi na pombe kali nilaze usiku kucha. Naogopa mbao isipasuke. Aliyewahi kufanya hivyo anieleze, tafadhali, kwani kwenye mdomo wa kiko hicho alama za meno ya babu bado zipo.