Tupeane uzoefu: kufunga na sala ya alfajiri hapa Tanga, mnawezaje?

MamaChumbageni: Mwanangu wa kipaimara kaniuliza mbona majirani wanafunga hata maji, sisi tunakunywa chai. Nikakumbuka 2025, Majivu Machi 5, Ramadhani imeanza siku chache tu kabla. Jirani ananiambia, "Mama nanii, ya kwenu ni kufunga au kuchelewa kula?" Nyie mnafanyaje?

MzeeWaMuheza: Kwa sisi Wakatoliki sheria ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili na viwili vidogo, miaka 18 hadi 59. Zaidi ya hapo ni wewe na Mungu wako.

Mlokole_Ngamiani: Hiyo ratiba ya chakula, mzee wangu. Sisi kavu, siku tatu. Esta 4:16.

MzeeWaMuheza: Na Mathayo 6:16-18 umeiruka? Nawa uso, paka mafuta, nyamaza. Wewe umekuja kututangazia.

BintiPongwe: 😂😂 Shikamoo mzee.

FundiBaiskeli: Mmenikumbusha mbali. Nilipanga chumba kimoja, dari wazi, nikisali saa kumi wapangaji wote wanaamka. Mama mwenye nyumba akaniambia baba, huyo Mungu si kiziwi. Nikasema basi, hata Yesu alitoka alfajiri akaenda mahali pasipo na watu. Nikashika njia ya Raskazone na kanzu yangu ya kwaya, nyeupe pe.

Niko ufukweni nimepiga magoti, nanena, mara tochi mbili. Nikajua vibaka. Nikasimama nikakemea kwa sauti yote, "Shindwaaa!" Kumbe wavuvi. Mmoja katupa ndoo, mwingine anasoma Ayatul Kursi huku anatetemeka. Mimi nakemea, yeye anasoma. Kisha akamulika miguu yangu. Hakumulika uso, miguu! Anatafuta kwato. Akaona kandambili, moja imeshonwa kwa waya. "Aa, si fundi wa baiskeli huyu?" Tukaokota vibua mchangani pamoja mpaka kunakucha.

BintiPongwe: Kwato!! Nimecheka mpaka bosi kaniangalia.

Dau_la_DeepSea: Hiyo stori tuliisikia huku, ila kwetu jini lilikuwa na urefu wa mnazi.

Mlokole_Ngamiani: Vibua ulipewa? Na ulikuwa kwenye mfungo?

FundiBaiskeli: Nilipewa. Maswali mengine muulize mama mwenye nyumba, ndiye aliyekaanga.

Nesi_Mstaafu: Wenye vidonda vya tumbo, kisukari na wajawazito, kavu muiache, muulizeni daktari kwanza. Mimi nafunga simu: mpaka nimalize zaburi moja, kimya, siigusi. Ni ngumu kuliko njaa, walahi.

Mlokole_Ngamiani: Zaburi moja? Unapasha injini tu hapo.

Nesi_Mstaafu: Kijana, zaburi ya 119 ina aya 176. Anza nayo kesho.

BintiPongwe: Mimi jumuiya ndiyo inayoniokoa. Peke yangu nasinzia kwenye fumbo la pili la rozari.

MamaChumbageni: Mada yangu imeliwa na jini. Mtoto bado ananisubiri, nimwambie nini?

MzeeWaMuheza: Mwambie chai anywe, ila bila sukari, na hela ya sukari aitie kwenye kikapu cha sadaka.

MamaChumbageni: Kasema basi bora afunge kavu.