Mtoto wa miaka 2 na nusu, meno manne yaliyochongoka, joto halieleweki: ni "nailoni" kweli?

Tabibu_Nansio: Wakuu, habari za kazi. Kituo chetu kiko Ukerewe. Kaletwa mtoto wa kiume ana meno manne tu: mawili ya mbele juu, na mawili chini pale penye chonge. Yote yamechongoka kama msumari. Nywele chache na nyepesi, nyusi hazionekani, ngozi kavu. Mchana joto hufika 39, jioni hushuka lenyewe. Kipimo cha haraka cha malaria kimekuwa hasi mara tatu. Bibi anasema alitolewa "nailoni" (meno machanga yanayodhaniwa kuleta homa) akiwa na miezi mitano, na anataka hayo manne yang'olewe maana ndiyo yanayoleta homa. Nianzie wapi?

Fizi_Mwz: Usiguse hayo manne, tafadhali. Kung'oa "nailoni" ni kuchimba vichipukizi vya meno, hasa vya chonge, na madhara yake kwa meno hukaa palepale palipochimbwa: kovu, chonge kukosekana au kuota na kasoro. Hakuchongoi meno ya mbele wala hakuondoi nyusi. Dalili ulizotaja ni za displasia ya ektodermi, ile ya kukosa jasho. Meno, nywele, kucha na tezi za jasho huanzia kwenye tabaka moja la nje la kiinitete, kwa hiyo huharibika pamoja. Aina inayoonekana zaidi hutokana na kasoro ya jeni ya EDA kwenye kromosomu X, ndiyo maana wavulana huumia zaidi.

Linaloua hapa ni joto, meno yatasubiri. Huenda hata hiyo "nailoni" ya miezi mitano ilitolewa kwa sababu ya joto hilihili. Parasetamoli haitasaidia: yenyewe hushusha homa inayoamriwa na ubongo, na huyu mwili umeshindwa tu kutoa joto nje. Mvue, mloweshe maji ya kawaida, mpepee. Akitoka juani avae fulana iliyoloweshwa. Joto lisiposhuka akishapoozwa kivulini, tafuta maambukizi, na malaria ipimwe kila mara. Siku kipimo cha haraka kikiwa chanya, kumbuka kinaweza kubaki hivyo wiki kadhaa baada ya tiba. Omba na slaidi ya damu isomwe kwa darubini.

Jino_la_Ziwa: Mwangalie na mama. Wanawake wenye kasoro ya jeni hiyo mara nyingi hukosa jino moja au mawili, au wana jino dogo lililochongoka, na hawajui kama ni ugonjwa. Mpake mgongoni ayodini (uliza kwanza kama humletea mzio), iache ikauke, nyunyiza wanga wa mahindi, akae penye joto. Palipo na jasho hutokea vitone vyeusi. Mama mwenye jeni huonyesha michirizi isiyo na vitone katikati ya ngozi inayotoka jasho. Akiwa nayo, kila mtoto wa kiume ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuugua.

Tabibu_Nansio: Ahsanteni. Na kama meno yaliota kisha yakadondoka, bado tunafikiria hilohilo?

Fizi_Mwz: Hapana, hapo njia ni nyingine. Jino la utoto likidondoka kabla ya miaka 3 mzizi ukiwa mzima, bila kuanguka wala kugongwa, fikiria haipofosfatasia, ugonjwa wa kurithi ambao kimeng'enya cha alkalini fosfatasi huwa chini, na ukipime kwenye damu. Hapa watu hukosea mara mbili. Damu ikiwekwa kwenye chupa ya mfuniko wa zambarau, dawa iliyomo hufunga zinki na magnesi ambazo kimeng'enya hicho huzihitaji, jibu linashuka kwa uongo. Na jibu likisomwa kwa viwango vya mtu mzima, mtoto mgonjwa ataonekana mzima, kwa kuwa viwango vya watoto viko juu zaidi. Fizi zikiwa zimevimba, na viganja na nyayo vigumu vyenye magamba, fikiria Papillon-Lefèvre, ugonjwa wa kurithi wa fizi na ngozi.

Jino_la_Ziwa: Kwenye rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, andika idadi na umbo la meno, nywele, ngozi, vipimo vya joto na saa zake, na hali ya mama. Eksirei ya taya zima itasubiri hadi aweze kutulia, miaka 4 au 5. Meno bandia huanza miaka 3 au 4 akiwa na ushirikiano, na hubadilishwa taya likikua. Hayo manne hujengwa kwa dawa nyeupe ya kuziba, yakashikilia bandia na kulinda mfupa. Ukiyang'oa, mfupa unasinyaa, na kwa mate yalivyo machache bandia haitakaa.