Mrejesho: kromosomu za perege nimezihesabu

Shukran nyote. Mwezi jana niliuliza kama kuhesabu kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli) kunaweza kuonyesha undugu wa samaki wa maji baridi, na kwa nini perege niliyemnunua Kongowea hakunipa hata seli moja ya maana.

Kosa lilikuwa kutumia samaki wa barafu. Samaki aliyekwisha kufa hana seli zinazogawanyika. Safari hii nilichukua perege hai kwenye bwawa la jamaa huko Kisauni, nikamdunga dawa ya kolkisini ili seli zikwame katikati ya kugawanyika, kisha nikatoa figo. (Mamangu aliuliza figo za nini na samaki wa kukaanga yupo. Sikuwa na jibu.) Kwenye hadubini: 44, na jozi moja kubwa kupita zote.

Jozi hiyo ndiyo utamu wenyewe. Jamaa zake wengi wa Amerika Kusini wana 48; kwa perege, baadhi ya kromosomu ziliungana. Ndiyo maana idadi peke yake haitoshi, lazima utazame umbo na mikono (pande mbili kutoka pale inapobanwa) ya kila kromosomu.

Na yule aliyenitajia Nothobranchius, vile visamaki vya madimbwi ya mvua, ameniharibia usingizi. Jenasi (kundi la spishi za karibu) moja tu, lakini kromosomu zaanzia 16 hadi 50! Ndugu wa karibu hivyo, hesabu mbalimbali hivyo. Kambare na 56 zake atangoja. Mvua za vuli zikinyesha, nashuka Kwale na wavu.