Hans Meyer, mpandaji Mjerumani, alikwama Kibo (kilele kikuu cha Kilimanjaro) 1887, akafika 1889: alibadilisha nini?

Wakuu, vifaa tu ndivyo vilivyomfikisha kileleni 6 Oktoba 1889, au kuna zaidi?

— Vifaa vilihusika. Mwaka 1887 ukuta wa barafu ulimzuia. Safari ya pili alikuja na Ludwig Purtscheller, mpandaji hodari wa milima ya Alps. Tarehe 3 Oktoba walichonga ngazi kwa shoka kwenye barafu ngumu, wakafika ukingo wa kreta (shimo la volkano) alasiri. Kilele kiko upande mwingine na muda umekwisha. Wakashuka. Tarehe 6 wakaondoka saa tisa usiku, ngazi zilezile zikawaokolea masaa.

— Kwangu mimi, chakula ndicho kilichoamua. Aliweka kambi kwa hatua, ya juu kwenye mita 4,300 hivi, wapagazi wakipandisha posho kutoka Marangu. Jaribio likishindikana, hakuna haja ya kushuka hadi vijijini. Na kimo kile hakina miti, hata kuni lazima zibebwe.

— Kambi hiyo ya juu alibaki nao Mwini Amani, mpagazi kutoka Pangani. Inauma kwamba watoto wanakaririshwa Meyer peke yake. Mwalimu ukifundisha, mtaje.