Ushauri: kamera ya mlimani inaonyesha kijani kimeshuka ghafla Julai, nifute data?

Mtafiti_Baridi
Habari zenu wakuu. Niko Uswidi nasoma masters, utafiti wangu uko Abisko, kama kilomita 200 kaskazini ya Mstari wa Aktiki. Nina kamera mbili kwenye nguzo zinatazama mteremko wa miti mifupi ya mibetula yenye vichaka chini yake, zinapiga picha kila nusu saa, nataka kujua majani yanachipua lini na yanageuka njano lini maana setilaiti huku mawingu yanaiziba siku nyingi na msimu wenyewe mfupi, Juni majani yanatoka, Septemba ndo yanapukutika.

Sasa shida ni hii. Kwenye picha nimechora boksi juu ya miti, ndani yake nachukua kijani nagawanya kwa jumla ya nyekundu, kijani na bluu, napata namba moja kwa siku. Kamera ya kwanza iko poa. Ya pili, Julai 9 imeshuka toka 0.41 mpaka 0.37 na haijapanda tena. Giza sio sababu, kipindi hicho jua halizami kabisa. Supavaiza anataka grafu Ijumaa. Nifute kamera ya pili yote? Inaniuma kwa kweli, nimeihangaikia tangu theluji ya Aprili.

Bi_Mikoko
Usifute kitu mdogo wangu. Huko kuna viwavi wa nondo wanaokula majani ya mbetula mpaka mlima unakuwa kahawia katikati ya kiangazi, Abisko ilishatokea 1955 na 2004 pia. Inawezekana umenasa kitu cha maana sana. Fungua picha zenyewe uangalie, usikae na namba tu.

Fundi_Picha
Dada hapo juu kasema vizuri ila mimi nina wasiwasi, viwavi hawamalizi mteremko usiku mmoja, ungeona grafu inateremka pole pole siku kadhaa. Hii ya kudondoka ghafla ni kamera. Chukua picha ya Julai 8 na ya 10, saa ileile, tafuta kitu kisichoota wala kuhama, jiwe au ukingo wa mlima kule juu, uone kama kipo palepale. Halafu cheki setingi ya waiti balansi, ikiwa kwenye oto kamera inajibadilishia rangi yenyewe na hesabu yako yote inayumba.

Mtafiti_Baridi
Waiti balansi niliifunga tangu mwanzo. Ila jiwe limehama pikseli 60 hivi! Kumbe usiku ule kulikuwa na upepo mkali, nguzo imepinda, na lile boksi nililochora juu ya miti sasa nusu yake ni mawe matupu.

Fundi_Picha
Basi data yako iko salama. Chora boksi jipya kuanzia Julai 9, miti ileile uliyokuwa nayo mwanzo, uyaepuke yale mawe. Na usitegemee picha moja kwa siku, chukua zote za saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, kwa kila siku tatu tumia ile namba ya asilimia 90, yaani inayozidi asilimia 90 ya namba zote za siku hizo, mawingu na vivuli vinapungua sana. Na kwenye ripoti andika wazi kwamba kamera ilisogea, usifiche.

Bi_Mikoko
Niongeze moja, mwanzo wa Juni kuwa makini. Theluji inasoma karibu na 0.33 kama kitu chochote cheupe au kijivu, na chini yake kuna vichaka visivyopukutisha majani. Ikiyeyuka namba inaruka juu wakati hakuna jani jipya hata moja, mtu anaandika tarehe ya kuchipua kumbe ni tarehe ya theluji kuondoka. Ziandike tarehe mbili tofauti.

Mtafiti_Baridi
Asanteni sana. Nimechora upya, Julai 10 imerudi 0.41. Sasa hivi napitia picha za kuanzia Mei 25 moja moja kwa macho, naandika siku theluji ilipotoka chini ya kila mti.