Mjadala: Barabara za vijijini Kuresoi, tudai lami au changarawe inayotunzwa?

Mwanzilishi wa mada, Kuresoi

Wadau, kila uchaguzi ukikaribia tunaahidiwa lami. Safari hii nasema wazi: huku juu tusidai lami. Tudai changarawe, kalvati (njia za maji chini ya barabara) na mtu wa kuitunza barabara mwaka mzima. Najua nitatukanwa, lakini nisomeni kwanza.

Kwa asiyezijua pande hizi, Kuresoi iko kwenye mgongo wa Mau, kaunti ya Nakuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Julai vidole havishiki jembe. Tunalima viazi, tunakamua, upande wa Kiptagich kuna chai, na pareto kwa wale ambao haijawachosha. Lami ya Molo hadi Olenguruone tunayo. Shida ni njia zinazochepuka hapo kwenda vijijini, na viazi viko huko.

Wengi wetu tunapanda aina ya viazi iitwayo Shangi. Inakomaa kwa miezi mitatu hivi, inaiva upesi jikoni, mnunuzi anaipenda. Ila haikai. Ukishachimba, wiki chache tu imeanza kuchipua. Mwenye mahindi anaweza kuyaweka stoo akisubiri bei, mwenye Shangi hawezi. Sasa chimba, halafu mvua inyeshe. Kanta, lile lori dogo la kubeba viazi, inakwama kule chini, broka anayenunua anapanda na miguu, anakwambia trakta ya kuvuta gari ni juu yako, punda wa kufikisha mzigo barabarani ni juu yako, na gunia ni lile la lumbesa. Utafanya nini? Unakubali. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Huku linajazwa mpaka linapita kilo 100, linashonewa kofia ya neti juu, na bei inabaki ya gunia moja. Watu husema polisi wafanye kazi yao. Mimi nasema lumbesa inazaliwa na matope. Palipofika magari matano mkulima anachagua, palipofika moja anachaguliwa.

Sasa hiyo lami. Kilomita moja inakula pesa ambazo zingetengeneza kilomita nyingi za changarawe. Ndiyo maana inaletwa kwa vipande, inazinduliwa kwa ngoma, inaishia sokoni (au karibu na boma la mtu fulani, mnanielewa), na mkandarasi anapotea. Changarawe ikiwekwa na akili, yaani barabara iinuke katikati ili maji yamwagike pande zote mbili, mitaro iwe wazi na kalvati ziwe pana, inapitika hata Aprili. Kinachoiua ni mtaro mmoja kuziba na kukosa wa kuuzibua. Wazee wanaukumbuka mpango wa barabara za mashambani ulioanza 1974. Vijana walichimba kwa mikono, halafu kipande cha barabara kikakabidhiwa mtu anayeishi kando yake, na jembe na koleo, akawa analipwa kukitunza. Hilo ndilo nataka lirudi. Semeni.

Dereva wa kanta, Molo

Mzee, kwa heshima zote, inaonekana hujawahi kushika usukani kwenye ule mteremko. Changarawe yako ingekaa kama tungepita sisi wa viazi peke yetu. Marufuku ya kukata miti ya 2018 iliondolewa Julai 2023, Rais mwenyewe akatangazia hapa hapa Molo. Sikatai, mashine za mbao zilikuwa zimelala na watu wana familia. Lakini malori ya magogo yamerudi. Yapite wiki moja ya mvua uone kama huo muinuko wa katikati utaupata: unabaki na mifereji miwili na tuta linalokwaruza gia boksi. Mtu mmoja na koleo atafanya nini hapo? Lami au tuache kelele.

Mama viazi, Kibuye

Mabroka tunatukanwa sana kwenye mada hizi, acheni na mimi niseme. Nauza Kibuye, Kisumu. Gari nikishalikodi nalipa, liwe linatembea au limelala matopeni. Viazi vikikaa chini ya turubai siku mbili vinatoa jasho, nikifungua nachambua vilivyooza kimoja kimoja, na wa chipsi akikuta kimoja tu kinanuka anahamia meza ya pili. Hiyo kofia ya gunia mnayoilalamikia ndiyo inayofidia vilivyooza.

Na kitu kingine wakulima hamkisemi. Njiani mimi natozwa ushuru kwa gunia, hawaangalii kilo. Nikipakia kilo 50 kama sheria inavyotaka, mzigo ule ule naulipia mara mbili. Ninyi mngefanyaje?

Barabara ikiwa nzuri nitaacha lumbesa? Sitawadanganya. Nitaacha nikiona mwenzangu ameacha. Kwa hiyo baba, hiyo hesabu ya matope kuzaa lumbesa ina ukweli, lakini ni nusu.

Kijana wa Nakuru mjini

Swali la kizembe tu: kwa nini serikali ifuate watu wachache milimani na barabara? Si washuke wakaishi karibu na lami?

Mhudumu wa afya ya jamii, Keringet

Mdogo wangu wa mjini, washuke waende wapi? Wapewe shamba na nani? Chipsi unazokula hapo stendi zimetoka kwa hao hao.

Mimi natembea boma kwa boma na mkoba wa dawa. Kujifungua bila malipo katika hospitali za umma kulitangazwa Juni 2013, na akina mama walilipokea vizuri. Lakini uchungu ukimshika mtu usiku wa mvua, boda anafika kwenye kijito, anamulika ile miti iliyolazwa kama daraja, anageuza. Tunamketisha mama kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne wanashika miguu ya kiti, tunavuka naye. Akishavuka ndipo tunaanza kutafuta gari.

Halafu SHA, bima ya afya ya serikali. Asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, na kima cha chini kikiwa 300 kwa mwezi, hiyo ni 3,600. Inatarajiwa kutoka kwa viazi vile vile vilivyokwama.

Lami au changarawe, sina ugomvi na yeyote. Pale kwenye kijito nataka kalvati, tena kabla ya Aprili. Mkingoja lami ndipo kijito kivukwe, mtangoja sana.

Mwanzilishi wa mada, Kuresoi

Dereva, kuhusu magogo uko sawa, lakini jibu lake si lami. Lori lililozidisha uzito linavunja lami pia, na lami ikivunjika hakuna mwanakijiji wa kuiziba kwa koleo. Tuweke kizuizi msimu wa mvua, magogo yangoje. Yenyewe hayachipui.

Pesa ziko. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli inakatwa shilingi 25 za kutunza barabara, zamani ilikuwa 18. Boda wa huku analipa sawa na mwenye Prado wa Nairobi. Magavana na wabunge waliburutana mpaka kortini kwa sababu ya shilingi bilioni 10.5 za makato hayo, kila upande ukisema barabara ndogo ni zake. Ukienda kwa huyu anakuelekeza kwa yule. Ndiyo maana nataka tudai kitu kidogo kinachohesabika: kalvati ya mama afya hapo juu, kwa jina la kijito, ndani ya bajeti ya mwaka huu. Lami unaweza kuahidiwa miaka kumi. Kalvati ama ipo ama haipo.

Mama wa Kibuye, hilo la ushuru wa gunia limenikaa, sikuwa nimelisikia likisemwa hivyo. Nikuulize: tukijikusanya wakulima kama kumi, tubebe kwa punda hadi kwenye lami, tupakie kilo 50 kwa mizani, utachukua?

Mama viazi, Kibuye

Nitachukua, mkipima nikiwa hapo, na vidogo msivifiche chini ya gunia. Lakini ushuru wa lile gunia la pili analipa nani, mimi au ninyi?