Naomba ushauri: mchapuko wastani, alama ya kutoa inanichanganya

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, swali hili limenikalia kichwani tangu juzi.

Mpira unagonga ukuta kwa mita 12 kwa sekunde, unarudi ulikotoka kwa mita 8 kwa sekunde. Umegusana na ukuta kwa sekunde 0.05 tu. Tafuta mchapuko wastani, yaani badiliko la velositi (spidi pamoja na uelekeo wake) ukigawa kwa muda. Mimi nilichukua 8 nikatoa 12, nikapata −4, nikagawa kwa 0.05, ikawa −80. Kitabu kinasema −400.

Baadaye nikaona kwamba mpira ukigeuka, velositi yake ni −8, hivyo −8 − 12 = −20, na ukigawa unapata −400 kweli. Hesabu imekubali ila sijaridhika: spidi imepungua kwa 4 tu, badiliko linakuwaje 20? Kuna namna ya kuliona hili bila kukariri?

Jingine dogo. Gari linaanza kutoka kusimama, linachapuka kwa 2 m/s² kwa muda wa sekunde 3, kisha kwa 4 m/s² kwa muda wa sekunde 1. Mchapuko wastani ni 3 au 2.5? Nadhani 2.5, maana velositi imeongezeka 10 ndani ya sekunde 4. Nisahihisheni tafadhali, mtihani umekaribia.